Saruji ya Baba na Maji ya Masika

Ilikuwa katika kumi la mwisho la Ramadhani, Aprili 2023, na tulikuwa tumekaa mkekani tunakula daku, pale kipande cha plasta chenye upana wa sinia kilipobanduka ukutani na kuanguka shibiri moja kutoka goti la shangazi. Nje mvua ya masika ilikuwa inanyesha tangu magharibi. Shangazi, ambaye ana miaka 80 na ushei na amezaliwa ndani ya nyumba hii, hakupiga ukelele, alivuta bakuli lake la uji, akautazama ukuta ulioachwa na kidonda, kisha akasema, "Maji haya si ya leo." Nilimjibu kwamba mvua ndiyo kwanza imeanza. Akanyamaza, kama anavyonyamaza kila anapoona hakuna haja ya kubishana na mtoto, ingawa mtoto mwenyewe nina miaka 47 na ni mwalimu wa sekondari.

Nyumba yetu iko Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, katika kichochoro ambacho mikokoteni miwili haipishani. Babu aliinunua kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na imejengwa kama zilivyojengwa jirani zake: kuta za mawe ya matumbawe zenye unene wa sentimita 60, zilizoungwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu; sakafu ya juu iliyolazwa juu ya boriti za mikoko; na paa la mabati lililowekwa baadaye juu ya paa la bapa la zamani. Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, na wageni hudhani kwamba waliojenga walikuwa wabahili wa nafasi, kumbe kipimo kilitoka baharini. Boriti ya mkoko iliyonyooka na yenye nguvu haizidi sana mita tatu, kwa hiyo chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko mti unaokibebea dari. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, juu ya mawe humwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto, na yote hayo hupondwapondwa mpaka yakawa kitu kimoja. Ni sakafu nzito kweli kweli. Ikiwa kavu, itawazika walioijenga na wajukuu wao. Ikilowa, uzito wake wote uko juu ya vichwa vya waliolala chini yake.

Usiku ule hatukutengeneza chochote. Tulizima umeme kwenye swichi kuu, kwa sababu swichi ya ukumbini ilikuwa inatoa mlio mdogo kama wa kitu kinachokaangwa; tukalipeleka sanduku la hati kwa jirani, tukautoa msahafu wa babu katika kidaka chake, tukakisogeza kitanda cha samadari katikati ya chumba, mbali na kuta zote nne. Asubuhi nikapanda darini na tochi.

Mtu anayeanza kazi hii hulitazama doa na kudhani kwamba maji yanaingia hapo hapo. Si hivyo. Maji yakishapata boriti huifuata kama mtu anavyofuata njia ya mguu, yakaenda nayo mita mbili au tatu, na kudondoka mahali ambapo hata hayakuhusika napo. Ilituchukua siku nne kupata mlango wa kwanza wa maji, nao ulikuwa kwenye gata iliyo katikati ya migongo miwili ya paa. Kunguru walikuwa wamejenga ndani yake. Nilitoa vijiti, nyaya za kutundikia nguo, kipande cha wavu wa kuvulia, na kijiko cha chai ambacho nilikuwa nimemsingizia mtoto wa jirani kwamba amekipoteza. Hawa ni wale kunguru wa Kihindi walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka za mji, na tangu hapo wamekula kila kitu isipokuwa hizo takataka. Gata ilipoziba, maji ya mvua yalijaa, yakapita chini ya bati na kuingia moja kwa moja kwenye kichwa cha ukuta.

Mlango wa pili ulikuwa wa aibu zaidi, kwa sababu tuliujenga wenyewe. Mwaka 1994 baba aliongeza choo na bafu ghorofani, na bomba la maji likafukiwa ndani ya ukuta. Fundi bomba alinifundisha njia ya kulijua bomba linalovuja bila ya kuvunja kitu: tulijaza tangi la juu usiku, tukafunga mifereji yote ya nyumba, tukatia alama kwa kalamu penye usawa wa maji, tukalala. Alfajiri maji yalikuwa yameshuka vidole vinne. Vidole vinne kila usiku, kwa miaka ambayo hakuna anayeweza kuihesabu, vilikuwa vinaingia ndani ya ukuta ule ule uliombandukia shangazi.

Mlango wa tatu ni ardhi yenyewe. Kichochoro chetu kimemwagwa zege mara baada ya mara, hata kizingiti ambacho utotoni nilikipanda kwa ngazi mbili leo kiko sawa na njia. Maji ya mvua na ya mabeseni yanasimama mlangoni, na ukuta wa matumbawe, ambao ni jiwe lenye vitundu vingi, unayavuta juu kama utambi unavyovuta mafuta ya taa.

Hapo ndipo nilipolielewa neno la shangazi, kwa sababu utambi huo ulikuwepo tangu zamani na nyumba haikuanguka. Zamani ukuta ulikuwa unanyonya maji wakati wa masika, na ulipofika upepo wa kusi ukayatoa kupitia plasta ya chokaa, ambayo ni laini na inapitisha hewa. Plasta hiyo ilipukutika kidogo kila mwaka, na kila baada ya miaka michache mtu alipita na ndoo ya chokaa na brashi ya makumbi akaifanya upya. Kisha ikaja saruji. Katika mwaka ule ule wa bafu, ami alileta fedha kutoka Maskati, na baba akapiga plasta ya saruji nyumba nzima, ndani na nje, sentimita tatu nzima. Nakumbuka furaha yake. Alikuwa akigonga ukuta kwa vidole mbele ya wageni ili wasikie ulivyo mgumu. Katika miaka ile chokaa ilikuwa alama ya mtu aliyekwama, na saruji alama ya mtu ambaye ana jamaa Omani. Sidhani kama kulikuwa na fundi mmoja katika mtaa wetu ambaye angemwambia baba asifanye hivyo, na kama angekuwepo asingesikilizwa.

Saruji haikuzuia maji kuingia. Iliyazuia kutoka. Maji ya gata, ya bomba na ya ardhi yalikusanyika nyuma ya ule ugumu ambao baba aliugonga kwa fahari. Chokaa ya ndani iliyoshika mawe ikalowa na kurudi kuwa tope. Chumvi, ambayo katika mji wa pwani imo kwenye jiwe, kwenye mchanga na kwenye upepo, ikasogea na maji mpaka ikagonga mgongo wa saruji, na hapo kila ukuta ulipojaribu kukauka ikaganda kuwa vijiwe vidogo vyeupe na kuisukuma plasta nje. Kile kipande kilichoanguka usiku wa daku kilikuwa kigumu na kizima kabisa. Nilikigeuza asubuhi: upande wa mbele rangi ya maziwa bila ya ufa, upande wa nyuma ukungu mweusi na tabaka la chumvi kama sukari iliyomwagika.

Mkandarasi wa kwanza tuliyemwita alimaliza kuikagua nyumba kabla kahawa haijapoa. Alitaka kuzitoa boriti zote, kumwaga zege lenye nondo ghorofa nzima, kupiga plasta ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji, na kutukabidhi funguo baada ya wiki sita. Sikumdharau, kwa sababu nusu ya familia ilimpenda, na mimi mwenyewe nilimpenda kwa siku mbili. Lakini ukuta wa mawe na chokaa ni ukuta laini, unaosogea kidogo kidogo, na zege ni gumu na zito. Ukilikalisha juu yake, kimoja lazima kimvunje mwenzake. Na nondo ndani ya unyevu wenye chumvi hushika kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na zege hupasuka kutokea tumboni. Kwa hiyo miaka 20 baadaye watoto wetu wangekuwa wamekaa mkekani na kuangukiwa na kitu kizito zaidi ya plasta.

Kilichokata shauri kwa kweli hakikuwa hoja hizi, bali kumbukumbu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati mafundi wakiwa kazini ndani yake, na watu wawili walifariki. Jengo lile ndilo kubwa kuliko yote katika mji ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na kama kuta zake zilishindwa, nani atajidanganya kuhusu kuta za Kiponda? Ami, ambaye siku ile alikuwa Forodhani na kurudi na vumbi kwenye kanzu, alisema kikaoni kwamba hataki kusikia habari ya mtu anayeahidi wiki sita.

Kikao chenyewe kilihitaji uvumilivu kuliko ujenzi. Nyumba ni mirathi ambayo haijagawiwa, wenye fungu ndani yake ni 11, na wako Unguja, Pemba, Dar es Salaam na Maskati. Kaka yangu mkubwa alitaka tuuze. Alisema, na hakuwa mjinga kusema hivyo, kwamba wanunuzi wa kufanya hoteli watalipa fedha ambazo sisi hatutazipata kwa kukarabati. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho kupitia simu iliyowekwa juu ya meza, kisha akamuuliza, "Mwanangu, mimi nitakaa chumba namba ngapi?" Kaka akacheka, na tangu siku hiyo amekuwa mchangaji mkubwa kuliko sote. Tulikubaliana kwamba kila mtu achange kwa uwezo wake, siyo kwa fungu lake, na kwamba kila mchango uandikwe katika daftari moja litakalokaa kwa ami, ili siku ya kugawa asiwepo wa kusema hakuambiwa. Shangazi alitoa fedha za karafuu za shamba lake dogo la Pemba. Mimi nilipewa kazi ya kusimamia, kwa kuwa ndiye ninayeishi ndani, na kwa wiki mbili za mwanzo kila aliyeleta mchanga aliniuliza mwenye nyumba yuko wapi.

Kibali cha ukarabati tulikiomba Mamlaka ya Mji Mkongwe, kwa sababu huku huwezi kubadili dirisha la mbao kuwa la alumini au kupandisha ghorofa kwa kujiamulia. Fundi tuliyempata alikuwa mzee wa miaka karibu 70 aliyejifunza chokaa kwa baba yake, mwenye vijana watatu wa kufanya naye kazi. Siku ya kwanza hakuleta hata mwiko. Alileta tindo, nyundo na magunia matupu, akasema kwamba miezi ya mwanzo ni ya kutoa tu, na kwamba tukimharakisha ataondoka.

Waliitoa saruji ya baba kipande kwa kipande, na siwezi kusema nilitazama bila ya uchungu. Harufu iliyotoka nyuma yake ilikuwa ya kisima kilichofungwa muda mrefu. Sehemu nyingine ilibanduka kwa kupapaswa. Sehemu nyingine ilishikana na jiwe kiasi kwamba kuilazimisha kungelivunja jiwe, na hapo Fundi aliiacha kama ilivyo akapita. Chumvi iliyojitokeza waliifagia ikiwa kavu kwa brashi na kuibeba nje ya nyumba. Kijana mmoja alipotaka kuiosha kwa maji Fundi alimkamata mkono, kwa sababu kuiosha ni kuiyeyusha na kuirudisha ndani.

Kisha tukasubiri. Mafundi wa majengo ya kale hukadiria kwamba ukuta mnene hukauka kiasi cha sentimita mbili na nusu kwa mwezi kutoka kila upande, kwa hiyo ukuta wetu wa sentimita 60, unaopumua pande mbili, ulihitaji mwaka mzima, na hapo ni kama hewa inapita na hakuna tone jipya linaloingia. Tone jipya liliingia. Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño, na kuanzia Oktoba mvua ilipiga kama masika. Gata mpya ilihimili, bomba tulikuwa tumeshalihamishia nje ya ukuta mahali linapoonekana, lakini ardhi ililowa, na sehemu ya chini ya ukuta wa ngazi ikarudi kuwa nyeusi kama siku ya kwanza. Tulichimba mtaro mwembamba kando ya ukuta upande wa uani, tukaujaza kokoto na kuupeleka mpaka kwenye shimo la maji. Upande wa kichochoro hatukuwa na ruhusa ya kuchimba, nao mpaka leo ndio unaotusumbua.

Fundi alikuwa na kipimo cha kujua kama ukuta umekauka. Alikata kipande cha nailoni chenye ukubwa wa kurasa mbili za daftari, akakibandika ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, akaniambia nisikiguse mpaka kesho. Asubuhi, kama ndani ya nailoni pana matone, ukuta bado unatoa maji. Nilifanya hivyo kila Ijumaa kwa miezi minane, chumba baada ya chumba, nikiandika tarehe kwa penseli kwenye jiwe. Yapo matone ambayo huyaoni mpaka upitishe kidole. Shangazi alikuwa akiniuliza kila nilipotoka chumbani, "Umelia au hukulia?" akimaanisha ukuta.

Wakati kuta zikikauka tulizishughulikia boriti. Chumba cha shangazi kina boriti 19. Fundi alizigonga moja moja kwa mpini wa nyundo, na hata mimi nilianza kuzitambua kwa sikio: nzima hulia kama meza, mbovu hujibu kwa sauti ya mkate. Ya tatu kutoka dirishani ilionekana nzima kabisa, nyekundu na imara katikati ya chumba, lakini alipochukua msumari wa inchi sita na kuusukuma kwa kidole gumba pale boriti inapoingia ukutani, msumari uliingia wote kama unavyoingia kwenye papai. Mkoko haupendi kuoza, na hauliwi ovyo na mchwa, lakini kichwa chake kilikuwa kimefungiwa ndani ya ukuta mbichi kwa miaka 30 bila ya hewa. Saba kati ya 19 zilikuwa hivyo.

Boriti mpya zilichukua wiki tisa kupatikana, kwa kuwa mikoko inalindwa na ukataji wake una vibali vyake, na kila anayekuambia ataleta kesho bila ya karatasi ni wa kuepukwa. Zilipofika tulisimamisha mirunda chini ya dari nzima, na kuzibadilisha moja moja, siyo mbili kwa pamoja. Ufundi wake ni rahisi kuueleza na mgumu kuutazama: tundu la upande mmoja wa ukuta huchimbwa mara mbili ya kina chake, boriti huingizwa humo mpaka ndani, kichwa cha pili kikanyanyuliwa mpaka kwenye tundu la mkabala, kisha huvutwa kurudi mpaka ikae sawa pande zote mbili. Kwa muda wa dakika kumi kila mara hakuna aliyezungumza. Vichwa vililazwa juu ya jiwe kavu la bapa, na pembeni ikaachwa nafasi ya upana wa kidole ili mti upate upepo. Saruji haikugusa hata kimoja.

Chokaa ilitoka kusini ya Unguja, kwenye tanuu ambalo mawe ya matumbawe hupangwa kwa duara juu ya magogo ya minazi na kuchomwa. Wauzaji wa mjini wanayo chokaa ya mifuko pia, na kwa kupaka haina ubaya, lakini kwa kujengea Fundi aliitaka ile mbichi, ailoweke mwenyewe. Aliimwaga kwenye pipa la maji uani, na maji yakaanza kuchemka bila ya moto, yakitoa mvuke na mlio, huku vijana wamevaa miwani na kufunga vitambaa mikononi, kwa sababu rasha lake likiingia jichoni linaweza kulipofua. Aliiacha pipani miezi miwili chini ya maji. Alipoifunua ilikuwa laini kama samli iliyoganda, na alinipa kidogo kwenye ncha ya mwiko niione, kama mpishi anavyomwonjesha mtu mchuzi.

Mchanganyiko ulikuwa sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga wa shamba uliooshwa. Mchanga wa pwani una chumvi yake, na chumvi tulikuwa nayo ya kutosha. Plasta ya kwanza ya sehemu za chini ilikuwa ya kutupwa. Ilikaa miezi mitatu, ikanyonya chumvi iliyosalia kwenye mawe mpaka ikachanua meupe, kisha wakaibandua na kuitupa, na mshona nguo wa mbele ya nyumba, ambaye alikuwa ameona saruji ikitolewa na sasa anaona plasta mpya ikitolewa, alikuja kunipa pole kwa heshima zote. Zilizofuata zilipigwa nyembamba, hazizidi sentimita moja, na kila moja ilingoja siku kumi kabla ya mwenzake. Chokaa haikauki kama tope linavyokauka. Inaivuta hewa ukaa na kurudi polepole kuwa jiwe, na ikikauka upesi kabla ya hapo hupasuka. Ndiyo maana kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa nikilowesha magunia tuliyoyatundika juu ya kuta, na kila jioni nilirudi kuyalowesha tena. Kuilowesha kwa makusudi nyumba niliyoikausha mwaka mzima kulihitaji imani.

Kosa kubwa la kazi yote ni langu. Kabla ya Idi ndogo ya 2024 nilitaka chumba kimoja cha wageni kiwe tayari, na bila ya kumwambia Fundi nilinunua rangi ya kopo, rangi nzuri ya kung'aa, nikampa kijana wa mtaani aipake. Ilipendeza kwa wiki tatu. Kisha ikaanza kuvimba malengelenge, na nilipotoboa moja kwa sindano yalitoka maji. Rangi ile ilikuwa ngozi ya mpira juu ya ukuta uliokuwa bado unatoka jasho. Nilikuwa nimefanya kwa kopo moja kile alichokifanya baba kwa mifuko ya saruji, na kwa sababu ile ile, yaani wageni. Fundi hakunigombeza. Aliikwangua kwa siku mbili na kuniongezea siku hizo kwenye hesabu.

Fedha nyingi zilikwenda kwenye ujira, siyo kwenye vifaa, na hilo ndilo lililowashangaza ndugu waliozoea kuhesabu mifuko. Daftari la ami lina kurasa nzima za siku za vijana na mistari michache tu ya chokaa na mchanga.

Sakafu ya ghorofani ilikuwa ya mwisho. Zamani ilipondwa na watu wengi kwa fimbo, siku nzima, kwa nyimbo, na shangazi anakumbuka sauti zake kutoka nyumba za jirani. Sisi tulikuwa tisa, pamoja na watoto wa dada waliokuja likizo kutoka Maskati na simu zao, na tulichoka adhuhuri. Shangazi aliketi kizingitini kwenye kiti cha plastiki na kutuanzishia wimbo mmoja ambao hakuna aliyeujua kiitikio chake, kwa hiyo aliimba kote peke yake.

Msahafu wa babu umerudi kwenye kidaka, na shangazi amerudi chini ya boriti zake 19. Kaka hunipigia simu kila wiki kuuliza ukuta wa ngazi utapakwa lini, kwa sababu anataka kuleta jamaa wa mkewe. Ukuta huo, wa upande wa kichochoro, bado uko wazi, mawe na udongo mwekundu vinaonekana, na watoto wamechonga herufi zao chini. Ijumaa iliyopita nilibandika nailoni pale penye ngazi ya nne. Asubuhi palikuwa na matone matano. Nimeandika tarehe kwa penseli, nikamwambia kaka asubiri masika yapite kwanza.